Gasketi ya Pili

9 Februari

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Mpe na mkaza mjomba shikamoo yake, umwambie sijasahau sweta aliyonifumia, ila huku joto ni kali na nikiivaa watu watanipeleka hospitali. Mimi ni mzima. Kikohozi kimeondoka chenyewe baada ya kuona sikinunulii dawa. Chumba bado kinavuja pale juu ya kitanda. Nimehamisha kitanda, sasa kinavuja juu ya viatu.

Nakuandikia kwa sababu simu na wewe haiwezekani. Mara ya mwisho nilipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta, na wewe uko upande wa pili, "Hee? Hee?" Hilo jina la Fundi Hee hawakukuonea, Mjomba. Injini zimekula masikio yako, basi acha macho yafanye kazi.

Sasa jambo lenyewe. Unajua naosha jetski za kukodisha hapa gatini na kuzijaza mafuta. Mwenye nazo, tunayemwita Kocha, ana timu ya mbio. Mwaka huu amenikabidhi jetski ya kusimama, ile nyembamba isiyo na kiti, unasimama wima na kushikilia mkono wake mrefu wa mbele. Ni kuukuu. Injini ni ya silinda mbili, iko kama ilivyotoka kiwandani, haijaguswa. Kuna mbio tatu: Aprili, Juni na Agosti. Baada ya ile ya Agosti Kocha atachagua mtu mmoja awe dereva wa kudumu wa timu na mwalimu wa wanaojifunza. Tunaoitaka nafasi hiyo tuko watatu. Mjomba, sijawahi kutaka kitu hivi. Nimechoka kusugua matumbo ya mashine za watu.

Kila dereva anaandaa injini yake kwa fundi anayemtaka. Nianze na nini? Fundi wa hapa gatini, jina lake la kazi ni Spana, anasema nianze na kichwa cha silinda, kikatwe kidogo ili injini ikandamize zaidi. Wengine wanasema kabureta kubwa. Wengine wanasema panga la pampu, lile linalosukuma maji. Mimi sifungui bolti hata moja mpaka nisikie kwako.

Mama usimwambie habari za mbio. Yeye anajua naosha tu.

Kiroboto wako

*

1 Machi

Kwa Kiroboto, mpwa wangu,

Marahaba sana. Hapa tunaendelea. Goti la mkaza mjomba wako linatabiri mvua kuliko redio. Mbuzi wa jirani amekula kamba ya kuwashia injini ya mteja, na jirani amekuja kunilaumu mimi eti kamba yangu itamdhuru mbuzi wake. Nimemwambia amlete nimvute pembe, huenda akawaka.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Jetski ya kusimama! Hizo ndizo mashine za watu wenye miguu. Sasa nisikilize. Usinunue kitu kwa sababu kinang'aa. Injini inavuta, inakandamiza, inatoa moshi, na panga linayashika maji. Vyote vioane. Ukiongeza kimoja vingine vikabaki nyuma, ni sawa na kuvaa kiatu kipya mguu mmoja. Huyo Spana wako ana akili, usimdharau. Kichwa kwanza. Kikatwe kidogo tu, halafu ubadilishe panga liwe la mbavu za wastani, zisizojipinda sana, usiingiwe na tamaa ya mbavu kali, maana mbavu kali kwa injini ya kawaida

9 Machi

Naendelea na barua niliyoiacha. Mama yako alipita gereji juzi. Alikaa juu ya lile tairi kuukuu mpaka jioni. Habari za mbio anazo, sikumwambia mimi, kuna mtu alimwonyesha picha yako kwenye simu, uko hewani na mashine iko hewani. Anakusalimu. Tuliongea mengi.

Kuhusu injini, hayo ya kichwa niliyoandika hapo juu yaache kwanza. Nimefikiri zaidi. Ndani ya mzigo huu kuna panga la mbavu kali, la mbio hasa. Kuna gasketi ya kichwa: iweke juu ya ile iliyopo, ziwe mbili, injini isipate joto. Na kuna jeti za kabureta, vile vitundu vya kupitishia mafuta, ni kubwa kuliko zilizomo. Kila kitu humo ni salama. Usibadilishe chochote bila kuniuliza.

Mjomba wako

*

14 Aprili

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Na mbuzi, amewaka? Mzigo ulifika salama, na nilivyoufungua wenzangu wote walikuja kutazama. Panga jipya! Nililala nalo chumbani, siyo utani, liko pale pembeni ya mto. Niliwaambia mjomba wangu ndiye kalituma, na wawili walishasikia sifa zako.

Nilifunga kila kitu kwa mkono wangu kama ulivyosema. Mbio ilikuwa Jumamosi. Nimekuwa wa kumi na moja, na tulikuwa kumi na wawili, na huyo wa kumi na mbili alianguka.

Sikuandikii ili nilalamike. Nataka tu kuelewa. Bendera ikishuka wenzangu wanaruka, mimi mashine inaguna kwanza, inatoa moshi mzito, ndipo inakwenda. Nikifika kona ya kwanza wao wako ya pili. Nikizifungua plagi zinatoka nyeusi, zimelowa. Je, ndivyo inavyotakiwa? Spana alisikiliza akiwa ukingoni akasema hiyo injini inakabwa. Nikamwambia hujui lolote, ni ya mbio hiyo.

Nadhani kosa ni langu. Labda miguu yangu haisukumi inavyopaswa, labda nimekuwa mzito. Wale wawili ninaoshindania nao nafasi ni wembamba kweli.

Halafu ajabu, Mama alinipigia kuniuliza matokeo. Nilijua atanifokea kwa kumficha. Nilipomwambia nimekuwa wa kumi na moja alisema "Pole mwanangu," lakini sauti yake ilikuwa ya furaha kabisa. Nimemkosea yule mama, kumwacha peke yake na miguu yake ile inayovimba, na tena nilimdanganya.

Nijibu upesi.

Kiroboto

*

20 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Nisamehe kuchelewa. Kazi zilikuwa nyingi. Halafu kalamu ilipotea. Halafu paa la gereji liling'olewa na upepo upande wa nyuma, tukalirudisha, likang'oka tena. Mkaza mjomba wako ameanza kufuga kuku, wanne, na kila mmoja amempa jina la mke wa mteja wangu. Mama yako miguu yake ni afadhali, anakuja Jumapili, anakula vizuri, analala vizuri. Usimwazie sana.

Plagi nyeusi ni dalili nzuri. Inaonyesha injini haiungui ndani. Endelea hivyo hivyo.

Fanya mazoezi ya kuanza. Usisikilize kila mtu. Mimi nakuamini.

Mjomba

*

17 Juni

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo kwako na kwa mkaza mjomba. Kuku wamenichekesha, na nilihitaji kucheka.

Mbio ya pili ilikuwa juzi. Wa kumi.

Mjomba, nimefanya kila kitu. Naamka kabla gati halijafunguliwa, nafanya mazoezi ya kuanza mpaka viganja vinachanika, navifunga kitambaa, naenda kuosha mashine za wateja na sabuni inaingia humo. Nimekata nywele. Usicheke, nywele zina uzito zikilowa. Chakula cha jioni nimeacha tangu Aprili, na cha mchana nakula nusu. Nguo zangu zote zinanivuka. Wiki iliyopita nilianguka hapa gatini nikiwa nimeshika mpira wa mafuta, macho yakaingia giza, nikaamka Spana ananimwagia maji usoni. Alininunulia chai na mkate akasimama pale mpaka nikamaliza. Nilipotoka pale nilikwenda nyuma ya stoo nikautapika, kwa sababu mbio zilikuwa siku nne mbele na niliogopa uzito.

Na huyo Spana ndiye niliyemkosea. Baada ya mbio alikuja na boksi lake la zana, akasema, "Dada, niruhusu nifungue kichwa tu, nitazame. Nusu saa." Alikuwa ameshaweka spana kwenye bolti. Mjomba, nilimnyang'anya. Mbele ya Kocha na madereva wote nikamwambia mjomba wangu alikuwa anafunga injini wewe bado unanyonya, na kama una wivu na kazi ya watu, katafute mashine yako. Alifunga boksi akaondoka. Yule ndiye mtu pekee hapa aliyenifundisha bila kutaka chochote. Tangu siku hiyo ananipita kama nguzo. Lakini ningefanyaje? Alikuwa anakutukana wewe bila kujua.

Imebaki ile ya Agosti. Nisipoingia watatu wa kwanza, jetski anapewa mwingine na mimi narudi kwenye ndoo na brashi. Kinachoniuma zaidi ni wewe. Umenitumia vitu vizuri, umeniamini, na mimi nimeaibisha kazi ya mikono yako. Nisamehe, Mjomba. Kama kuna kitu ambacho sikifanyi sawa, niambie bila kunionea huruma. Nitakifanya.

Kiroboto

*

25 Juni

Mpwa wangu,

Leo salamu zitakuja mwisho, kama utazitaka.

Kula. Kabla hujamaliza kusoma barua hii, ule. Mwili wako hauna kosa. Miguu yako haina kosa. Aliyekuweka nyuma ni mimi.

Lile panga ni la injini yenye nguvu kubwa kuliko yako. Yako haiwezi kulizungusha pale mwanzo, ndiyo maana inaguna bendera ikishuka. Gasketi ya pili inaipunguzia injini mkandamizo. Zile jeti zinaimwagia mafuta kuliko hewa, ndiyo moshi, ndiyo plagi zinazolowa. Spana alisikia vizuri. Ile injini inakabwa, na mkono ulioishika shingo ni wangu. Nilichagua kila kifaa kwa makini, ili injini isife na wewe usishinde. Nilitumia jioni nzima kuchagua, kwa ufundi uleule ambao ningeutumia kukufanya uwe wa kwanza.

Mama yako alikuja siku ile akiwa na picha yako kwenye simu. Aliiweka juu ya meza yangu akalia. Dada yangu hajawahi kulia mbele yangu, hata msibani yeye ndiye anayepanga sufuria. Alisema, mkataze. Nikamwambia yule hakatazwi. Akasema, basi fanya unavyojua wewe, ila mwanangu asikimbie. Nikamwambia sawa. Ningeweza kumwambia yeye hapana. Ningeweza kukuandikia wewe hapana. Nilishindwa kote kuwili, nikaenda kuifunga ile hapana ndani ya injini yako, mahali ambapo hakuna atakayenijibu.

Nilijiambia sijasema uongo. Gasketi mbili ni salama kweli. Jeti kubwa haziunguzi injini, ni kweli. Lakini uliponiuliza plagi nyeusi ndivyo inavyotakiwa, nikakaa mwezi mzima kisha nikakujibu ndiyo, pale hapakuwa na pa kujificha. Kalamu haikupotea. Ilikuwa mfukoni.

Nikadhani utachoka, uache, basi yaishe. Sikudhani hata mara moja kwamba utaanza kujila mwenyewe. Nilipofika kwenye ule mkate ulioutapika nilifunga gereji mchana kweupe. Mkaza mjomba wako aliniuliza nani kafa.

Nimempelekea mama yako barua yako akaisoma. Nimemwambia nakuandikia ukweli. Amesema ukiumia nisimwite dada tena. Alitoka bila viatu, nikamtuma mkaza mjomba wako ampelekee.

Toa gasketi zote mbili, weka moja mpya. Panga la mbavu za wastani liko kwenye mzigo huu, na jeti pia. Kichwa kikatwe, kidogo tu. Usinisikilize mimi peke yangu. Mwite Spana, umwombe radhi, mwambie fundi wako ni mwongo na yeye alikuwa sahihi. Afungue, apime kila kitu nilichotuma kabla hakijaingia.

Muda upo, lakini ni mchache. Huo nao nimekuibia.

Hujambo, mpwa wangu? Mimi sijambo kwa mwili.

Mjomba wako, kama bado

*

2 Septemba

Mjomba,

Shikamoo. Mkaza mjomba shikamoo.

Barua yako niliisoma nikiwa nimekaa kwenye ngazi za stoo. Nilipomaliza nilikwenda nikala wali sahani mbili, nikalia, nikala tena. Halafu wiki mbili sikuigusa mashine. Nilikuwa nikiitazama nakukasirikia, nikiitazama tena nakuonea huruma, nikazidi kukasirika. Kila asubuhi nilipofungua viganja vyangu niliona kazi yako.

Spana nilimwendea na barua mkononi. Nilimwomba radhi nikampa asome. Aliisoma yote, akaikunja vizuri akanirudishia. Hakucheka wala hakusema "Nilikuambia." Alisema tu, "Lete mashine." Vitu vyako alivipima kimoja kimoja, akasema safari hii ni sawa. Nilikuwa nimesimama pembeni natamani aseme si sawa, ili niwe na haki ya kukuchukia kabisa.

Tuliiwasha mwanzoni mwa Agosti. Mjomba, nisikufiche, ile sauti ilikuwa nzuri. Nilipobonyeza gesi ilinitoka miguuni ikaniacha ndani ya maji kama mzigo. Msimu mzima nimejifunza kupanda mashine nzito, nikawa na siku chache za kujifunza kupanda nyepesi. Siku ya mbio niliruka nao sawa. Niliwaona wakiwa pembeni yangu, siyo mbele, kwa mara ya kwanza. Kona ya pili niliikata mapema kwa mazoea ya ile injini ya zamani, nikapoteza. Nimekuwa wa nne.

Kocha aliniita ofisini, na Spana akiwemo. Aliweka matokeo yangu mezani, wa kumi na moja, wa kumi, wa nne. Akaniuliza, "Kilibadilika nini?" Nikasema injini ilikuwa imefungwa vibaya. Akasema, "Nani aliifunga hivyo? Kama ni fundi wa nje, kosa si lako, nakupa msimu mmoja zaidi na nafasi naiacha wazi. Kama ni uamuzi wako mwenyewe, basi wewe bado hujui mashine, na siwezi kukupa watu uwafundishe."

Nilikuwa na barua yako mfukoni. Nilihitaji kuiweka mezani tu.

Lakini hapa mafundi wote wanajuana, na nusu yao wanamjua Fundi Hee. Ningetaja jina lako, ndani ya mwezi habari ingekuwa imefika kila gati, kwamba umeiharibu injini ya mpwa wako kwa makusudi. Nani angekuletea mashine tena? Nikakuona umekaa kwenye gereji ile, humsikii mtu, na hakuna injini ya kufungua. Nikamwambia Kocha ni mimi. Nikasema mjomba alituma vifaa tu, mimi niliokota mawazo huku na huku nikavifunga kinyume cha alivyoniagiza. Spana alinitazama muda mrefu. Kisha akatoka nje, na Kocha akaandika jina la mwingine.

Kwa hiyo niko kwenye ndoo na brashi. Nafasi na jetski amepewa yule dada mwembamba, mmoja wa wale wawili, na asubuhi mimi ndiye ninayemwoshea. Mama amepiga simu. Nilimwambia asiogope, siendi tena mbio. Nilisubiri nisikie ile furaha, lakini alilia, akasema hakutaka iwe hivi. Kamtazameni, msimwache peke yake, na wewe ndiye uanze kumwendea.

Nakula. Mkaza mjomba asihangaike.

Sijakusamehe, Mjomba. Nilitaka nikuandikie kwamba mimi nisingeweza kufanya ulichofanya wewe. Lakini pale ofisini nilimtazama mtu machoni nikamdanganya bila kigugumizi, nikajiambia ni kwa ajili ya mtu ninayempenda, na ilinichukua muda wa kumeza mate tu. Spana, anayejua ukweli, hanisemeshi tena, na safari hii sina neno la kumwombea radhi.

Mpwa wako